Simba ni "dangereux", faru ndiye yuko "en danger"

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Arusha anayeendesha wageni mbuga za kaskazini, nalifupisha. Kiingereza anakimudu, Kifaransa anajifunza kwa simu, huu ni mwezi wake wa kumi sasa, na ofisi yake imeanza kumpa wageni wa Ufaransa mfululizo. Anasema Kiingereza kina danger, peril, risk, hazard na jeopardy, sisi zote tunaziita hatari basi, yeye Kifaransa anachanganyikiwa. Juzi Tarangire alisimamisha gari akawaambia wageni "attention, le lion est en danger", mama mmoja mtu mzima akashika kifua, "oh, le pauvre!" Jioni kambini akawaonya wasitembee gizani maana "il y a beaucoup de hasards ici", meza nzima ikacheka. Anauliza kakosea wapi, na misemo ya Kiingereza ya hatari anaweza kuihamisha neno kwa neno au la, na mwisho kabisa mgeni akianza kufungua mlango na simba yuko pale, apige kelele gani.

Kaka, usione aibu, kwanza yule mama hatakusahau maisha yake yote. Mimi ukalimani wa lugha hizi tatu nina miaka kumi na saba na makosa kama hayo nimeyafanya, tena yangu kwa maandishi, ambayo hayaishi kwa kicheko cha mezani.

Tuanze na simba. Kiswahili chenyewe kingekuokoa hapo kama ungekisikiliza, maana sisi tunatofautisha vizuri tu, simba NI HATARI na simba YUKO HATARINI. Ya kwanza Kifaransa ni "dangereux", ya pili ndiyo "en danger". Kwahiyo ulimwambia yule mama kwamba simba wa watu yuko kwenye matatizo, naye akamwonea huruma, "le pauvre" ni kama sisi tunavyosema maskini wa Mungu. Sasa we mwenyewe unajua kuna wanyama ambao kweli wako hatarini, na hapo "en danger" ndio mahali pake. Faru mweusi wa pale Ngorongoro kwenye ile orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, Kiingereza wanaandika "critically endangered", Kifaransa "en danger critique". Mbwa mwitu wetu ni "en danger". Simba ni "vulnérable", bado hajafika huko. Ukitaka kusema kawaida bila maneno ya kitaalamu, kwamba mnyama fulani anakwisha, sema "en voie de disparition", hiyo kila Mfaransa anaijua toka shule ya msingi.

Alafu hapohapo nikuongezee kitu kidogo, mbwa mwitu usije ukasema "loup". Loup ni yule wa Ulaya, huyu wetu wa madoadoa wao wanamwita "lycaon". Nakwambia sasa hivi kwa sababu huko chini loup atarudi.

Haya, "hasard". Hili ndilo lililokuumbua kambini na sikulaumu hata kidogo, maana linafanana na hazard kama mapacha. Ulichowaambia wale watu ni kwamba hapa kuna mambo mengi ya kubahatisha, kama vile kambi ni kasino! Kwa Mfaransa hasard ni bahati nasibu, kitu kimetokea tu bila mtu kukipanga, "par hasard" ni kwa bahati, ghafla bin vuu. Ukikutana na mtu wa kwenu sokoni Kariakoo bila kutegemea, hiyo ndiyo par hasard. Na kiukweli Waingereza ndio waliohama, sio Wafaransa. Hasard ulikuwa mchezo wa dadu zama za kati, kamusi nyingi zinalivuta neno mpaka Kiarabu cha dadu, az-zahr, kupitia Hispania. Wafaransa wakabaki na ile bahati ya dadu, Waingereza wakabaki na ule mkosi wake, yaani kwenye mchezo mmoja huyu kaondoka na kula, yule kaondoka na kuliwa.

Uzuri wake ni kwamba watu wa maafa, wale wanaochora ramani za mafuriko na volkano, wanapotaka neno la hazard kwa Kifaransa wanasema "aléa". Na aléa nayo ni dadu! Alea kwa Kilatini ni mchezo wa dadu, ndiyo ile kauli maarufu ya Kaisari akivuka mto Rubicon, "alea iacta est", dadu imeshatupwa. Wamekwepa dadu ya Kiarabu wakatua kwenye dadu ya Kirumi. Ila wewe kambini aléa usiiguse, utaonekana umetoka semina. Sema tu "la nuit c'est dangereux, il y a des animaux" na umemaliza.

Na we si dereva, hii utaipenda. Zile taa zote nne za kuwaka na kuzima tunazoziita hazadi, Mfaransa rasmi anaziita "feux de détresse", lakini barabarani utamsikia anasema "mets les warnings". Warnings! Neno la Kiingereza kabisa, ila Mwingereza mwenyewe anasema hazards, ambalo ni la Kifaransa. Kila mmoja kaenda kuazima kwa jirani wakati kwake kipo.

Basi ukishaliona hilo umeshika karibu kila kitu, maana hayo matano uliyoniandikia yote yalipitia Ufaransa kabla hayajafika Kiingereza. Mwaka 1066 William wa Normandy kaivamia Uingereza, tangu hapo watawala na mahakama wakawa wanaongea Kifaransa muda mrefu sana, na mwananchi wa kawaida hatari zake akawa anazisikia kwa lugha ya bwana mkubwa. Na hapa nasema bwana mkubwa makusudi. Danger yenyewe mwanzo wake ni "dominus" ya Kilatini, bwana. Kifaransa cha kale kuwa kwenye danger ya mtu ilikuwa ni kuwa chini ya mkono wake, anaweza akakufanya atakavyo. Shakespeare bado alilitumia hivyo, kwenye ule mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri akauita Mabepari wa Venisi, pale mahakamani Antonio anaulizwa kama yuko ndani ya danger ya Shylock, na maana yake ni kwamba huyu mtu kakushika, anakudai, roho yako iko mikononi mwake. Mtu yeyote aliyewahi kukopa mikopo ya simu hii maana anaielewa bila kamusi.

Jeopardy inatoka "jeu parti", mchezo uliogawanyika sawa kwa sawa, hujui nani anashinda, na hapo walikuwa wanaongelea mchezo kama chesi. Leo Mfaransa hana hata hilo neno. Likikujia kwenye Kiingereza we geuza tu kwa "mettre en péril" au "compromettre", na kama ni ile "double jeopardy" ya kwenye katiba ya Marekani, mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile, wanasheria wa Ufaransa wanakimbilia Kilatini, "non bis in idem".

Risk ni "risque", hii ni nyepesi, wapo hata wanaoivuta mpaka rizq ya Kiarabu, riziki yetu hiihii, japo wengine wanaipinga hiyo asili. Ila kuna mtego kwenye kitendo. Mgeni wako akikuuliza asubuhi "on risque de voir un léopard?" usije ukaanza kumtuliza kwamba asiogope. Anauliza kama kuna uwezekano wa kumwona chui, na anaomba Mungu amwone. "Risquer de" kwenye maongezi imeshalainika imekuwa kama huenda yetu, "il risque de pleuvoir", mvua huenda ikanyesha. Walimu wao wanakunja uso ikitumika kwa jambo zuri, watu hawajali. Alafu ukiona Kiingereza kimeandika "risqué" na ka-alama juu, hiyo ni habari nyingine kabisa, ni utani wa chumbani.

Péril ni la kiheshima zaidi, la maandishi. Ukitaka kuliona linavyofanya kazi angalia UNESCO, ile orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kwa Kiingereza wameandika "in danger", kwa Kifaransa wameandika "en péril". Selous imo tangu 2014, na mwaka huohuo ndio Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilitolewa baada ya kukaa humo toka 2004. Virunga ya Kongo imo toka 1994. Kwahiyo ukimwelezea mgeni kuhusu Selous sema "en péril", atakuona umesoma. Ila akikwambia "il n'y a pas péril en la demeure" usitafute nyumba inayobomoka. Demeure leo ni makazi, lakini kwenye huo msemo ni ile ya zamani, kuchelewa, kwahiyo anachokwambia ni kwamba tukichelewa hakiharibiki kitu, kunywa chai yako taratibu. Wafaransa wenyewe wengi wanadhani ni nyumba.

Sasa kabla ya misemo ngoja nikupe ile ninayoipenda kuliko zote, maana na wewe una redio kol kwenye gari. Mayday. Ndiyo wito wa redio wa kuomba msaada roho ikiwa hatarini. Miaka ya 1920 uwanja wa ndege wa London ulikuwa Croydon, na ndege nyingi pale zilikuwa zinaenda na kurudi Le Bourget, Paris. SOS ilikuwa nzuri kwa kugonga morsi, ila kwa sauti ile S kwenye redio zenye kelele ilikuwa haisikiki vizuri. Ofisa wa redio pale, Frederick Mockford, akatakiwa atafute neno ambalo rubani wa Kiingereza na wa Kifaransa wote wataling'amua, akaja na mayday, ambayo ni "m'aidez", nisaidieni, imeandikwa tu kwa masikio ya Kiingereza. Mkutano wa Washington wa 1927 ukaipitisha kimataifa. Inasemwa mara tatu. Na kuna mdogo wake, "pan-pan", yaani kuna shida ya haraka lakini bado hatujafikia kufa, hiyo inatoka "panne", kuharibika, ndiyo pane ileile ukienda Bukavu au Bujumbura unasikia gari iko na pane. Manahodha wa boti za Dar na Zanzibar wanaijua, iko kwenye chaneli 16 ya redio za baharini. Kichekesho ni kwamba ukiwa unazama Marseille hakuna mtu anapiga kelele "m'aidez", sarufi inagoma, mtu anayekufa anasema "aidez-moi" au "au secours!" Yaani dunia nzima inaomba msaada kwa Kifaransa ambacho Mfaransa hakisemi.

Misemo. Jibu fupi ni hapana, usihamishe neno kwa neno, ila baadhi zimelingana kwa sababu nyingi zilichotwa kisima kimoja, Biblia au hadithi za Wagiriki. "Play with fire", "jouer avec le feu". "Cry wolf", "crier au loup", yaani kupiga yowe la hatari ya uongo. Upanga wa Damocles, ule wa kwenye hadithi unaoning'inia kwa unywele mmoja juu ya kichwa cha mtu, unaning'inia sehemu zote mbili. Hizo tumia bila hofu.

Shida inaanza pale hatari ni ileile ila picha imebadilika. Mwingereza anaingia tundu la simba, "the lion's den", kwa sababu kakaa na habari ya Danieli kichwani. Mfaransa anajitupa "dans la gueule du loup", kwenye mdomo wa loup, yule niliyekwambia atarudi. Loup kwao ni mnyama wa kweli kabisa, walimmaliza nchini miaka ya 1930 akarudi mwenyewe 1992 akitokea Italia kupitia milima ya Mercantour, na wafugaji wa kondoo mpaka leo wanagombana na serikali kuhusu yeye, muulize mgeni yeyote wa huko milimani hamtalala. Ila angalia hiyo "gueule". Kwa mnyama ni mdomo tu, sema "la gueule du lion" akipiga mwayo hakuna shida. Kwa binadamu ni tusi, "ta gueule!" ni funga domo lako, usimwambie mgeni hata kwa utani.

Kuruka majivu ukakanyaga moto, tunayo. Mwingereza karibu yuko na sisi jikoni, anatoka kwenye kikaango anaangukia motoni, "out of the frying pan into the fire". Mfaransa anakwenda mbali, "tomber de Charybde en Scylla", yale madubwana mawili ya Wagiriki, moja kimbunga cha maji na jingine lina vichwa sita, wanasema yalikuwa mlango wa bahari wa Messina. Tamka "karibdi" na "sila". Ukiisema hiyo gari likinasa tope baada ya kukwepa shimo, nakuhakikishia tipu.

Na kuponea chupuchupu! Hapa kila lugha imechagua kipimo chake. Sisi tumepita kwenye tundu la sindano. Mwingereza kanyolewa karibu na ngozi, "a close shave", au kapona kwa ngozi ya meno yake, ambayo ni ya kitabu cha Ayubu 19:20, meno yana ngozi gani hata sijui. Mfaransa anasema "on l'a échappé belle". Jifunze hiyo yote kama wimbo, "on la eshape bel", usiulize belle anamrejelea nani, wanaihusisha na mpira wa mchezo wa zamani, jeu de paume, babu yake tenisi. Siku tembo dume anakuja na masikio wazi na wewe unarudi rivasi, mkishatulia zima injini, pumua, geuka nyuma uwaambie hiyo. Nilimwona mwenzako mmoja akifanya hivyo, gari zima liliachia pumzi kwa pamoja.

Dereva wa kukimbiza ovyo Mwingereza anasema "breakneck speed", mwendo wa kuvunja shingo. Mfaransa anasema "à tombeau ouvert", kaburi wazi. Hebu piga picha bodaboda anakupita kwenye kona, kaburi liko wazi linamsubiri. Huyohuyo dereva ataitwa "un danger public", na hiyo imelainika kidogo, unaweza kumtania nayo shemeji yako.

Vibao sasa, haraka haraka. "Défense d'entrer" hakuna ulinzi hapo, ni marufuku kuingia. "Danger de mort" kwenye transfoma za umeme za Ufaransa ina picha ya mtu anayepigwa na radi, hiyo haihitaji mkalimani. Mlangoni Mwingereza anakwambia jihadhari na mbwa, "beware of the dog", Mfaransa anaandika "chien méchant", mbwa ana roho mbaya, na sisi mbwa mkali, kwahiyo kwenye mbwa tuko na Wafaransa.

Mbili mbaya zaidi nimeziweka mwisho kwa sababu zimeshanigonga. "Inflammable" kwa Kiingereza na kwa Kifaransa zote ni kinachoshika moto, lakini Kiingereza kinamdanganya mtu kwa ile in-, anadhani ni kinyume, ndio maana Wamarekani walisukuma watu waandike "flammable". Kisichoshika moto Kifaransa ni "ininflammable", in- mbili, hesabu vizuri kabla hujawasha jiko. Ya pili ndiyo ilinichoma. Mei 2021 baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, nilikuwa natafsiri ripoti kutoka Goma kwenda Kiingereza kwa shirika fulani, usiku, macho yamechoka, ripoti imesema nyumba kadhaa ni "inhabitables". Nikaandika "inhabitable". Sasa Kifaransa maana yake hazikaliki, na Kiingereza maana yake ZINAKALIKA. Nyumba zilizopitiwa na lava mimi nimezipa kibali watu wahamie! Bahati dada mmoja wa uhariri alikuwa amesoma Kinshasa akaidaka kabla haijatoka, akaniandikia mstari mmoja tu, "kaka, kalale". Kwenye ripoti ileile kulikuwa na "les sinistrés", nayo ingenipiga kama ningekuwa sijawahi kukaa huko, hao sio watu waovu kama "sinister" ya Kiingereza, ni waathirika wa maafa, na "sinistre" kwa watu wa bima ni lile tukio unalodai fidia.

Na ukitaka kuwafurahisha wageni vijana, wale wa ishirini na kitu, hatari ya mtaani wanayo. Sisi tukisema huyu jamaa ni hatari kwenye gitaa, wao wanasema "c'est mortel", ni ya kuua, kwa maana ya safi sana. Mpishi wa kambi akitoa kitu kitamu, "c'est une tuerie", ni mauaji. Mzee wa miaka sabini usimwambie hiyo, atamuangalia mpishi vibaya.

Sasa mlango. Usiseme "attention" peke yake, maana kwao attention ni kama angalia yetu, mtu atageuka kuangalia ni kitu gani huku mguu uko nje tayari. Wala usianze sentensi ndefu yenye "s'il vous plaît" katikati. Akiwa bado kakaa, "ne descendez surtout pas", msishuke kamwe, hiyo surtout ndiyo yenye uzito, na iseme asubuhi kabla hamjatoka getini. Akishaweka mguu chini ni neno moja, "Remontez!", pandeni, r yake ikikushinda we iseme kwa r ya Kiswahili, atapanda. Na usipige kelele, simba naye anasikia, toa sauti ya chini, nzito, mara moja, na mkono wako uwe umeshamshika shati.